Siku Nilipowafukuza Wakwe kwenye Mvua

Mume wangu alipokufa, watu wa ukoo wake walilia vizuri, wakala vizuri, wakapanda mtumbwi wa motori wakarudi kwao Isangi. Nilijua watarudi. Mjane ndani ya kiwanja cha mjini ni kama sufuria iliyosahauliwa nje: kila anayepita anaiangalia na kujiuliza kama ina mwenyewe.

Kwanza walituma neno. Semeki yangu, yaani shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na simu anaishika kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya pili ya mto. Alipiga kelele kwamba mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Makiso anakitaka kiwanja chetu cha mtaa wa Tshopo, ajenge depo ya saruji.

"Tutauza, tutagawanya, kila mutu atatafuta fasi yake. Jumapili tunakuya kumaliza hiyo maneno."

"Na mimi, fasi yangu iko wapi?"

"Wewe uko na watoto, semeki. Utaenda kwa watoto."

"Sitaki kwenda kwa watoto. Watoto wanakuja kwangu."

Akaanza kunihesabia makosa. Watoto wa ukoo wakija kusoma mjini wanalala kwa watu baki, juu ya meza, chini ya meza, na mimi niko peke yangu kwenye kiwanja kipana na nyumba moja ya udongo. "Parcelle muzima inalisha kuku zako!" akasema. Hapo alinichoma, maana kuhusu watoto hakusema uongo.

Nilikaa juu ya kibao changu jikoni na simu mkononi. Mjukuu wangu akanikuta hivyo. Ni mtoto wa binti yangu, amesoma ujenzi, na tangu amalize alikuwa anachora vinyumba vidogo ambavyo hakuna aliyetaka kuvijenga. Marehemu alikuwa akimwita "mke wangu", kwa hiyo mimi namwita mbanda, yaani mke mwenza, na yeye ananiita koko kama wajukuu wote, ila akitaka kunichokoza ananirudishia umbanda wangu.

"Mbanda," akasema, "usilie. Tuwaonyeshe kama hii parcelle inaweza kulaza ukoo wote bila kuuzwa."

"Nani analia? Ni moshi."

Basi akaanza. Alinipima kama fundi cherehani. Alipima ninavyonyoosha miguu kitandani, ninavyoinama kutwanga pondu ya majani ya muhogo, mkono wangu unafika wapi nikitafuta chumvi bila kusimama. Nikamwambia, "Unanitengenezea sanduku ya kufia?"

"Sanduku ya kufia haina madirisha, koko. Yako iko nayo mbili, upepo uingie huku utoke huku."

Alikuwa na sheria moja, akairudia mpaka kuku wakaijua: kila kipande cha nyumba kipande toleka. Toleka ni zile baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, zinazobeba watu na mizigo mji mzima. Vijia vya mitaa yetu gari haliingii, na anayejenga kwa vitu vizito anakodi watu wa kubeba mpaka hamu inamwisha. "Kipande yenye toleka inakataa, na mimi naikataa," alisema. Kwa hiyo kuta zilikuwa fremu nyepesi za mabaki ya mbao ya wapasuaji, tumbo lake tukalijaza udongo uliochanganywa na unga wa msumeno. Mimi mwenyewe niliukanyaga ule udongo kwa miguu. Misumari hakuna. Kila kitu kinafungwa kwa vigingi vya mbao ngumu, ukivigonga vinatoka, nyumba inafunguka kama kitanda. Juu mabati, chini ya mabati nafasi ya hewa, halafu majani ya mangongo yaliyopangwa, ili jua lisitupike na mvua isitupigie kelele. Maji ya paa yanaingia kwenye pipa. Sakafu inasimama juu ya miguu, maana mvua ikija hapa kwetu maji yanapita uani kama yamelipa kodi.

Tuligombana mara moja tu, juu ya jiko. Alikuwa amechora jiko moja kwa nyumba zote nne alizotaka kujenga.

"Wanawake wanne, moto mumoja?" nikamwuliza. "Unajenga vita wewe."

"Ni kupunguza moshi, koko. Na makaa."

"Moshi utapungua. Matusi yataongezeka."

Akacheka, akafuta, akachora paa moja lenye mafiga yaliyopeana migongo, kila mama na moto wake. Hapo nikakubali.

Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja akaniita kutoka barabarani: "Koko! Unafungua kiosque? Niuzie unités za kuweka mu simu!" Nikamjibu nauza adabu, ila yeye haitamtosha. Lakini moyoni nilikuwa nahesabu kwa hofu. Semeki haelewi michoro. Nyumba moja ilipaswa isimame kabla ya Jumapili, aione, aishike, agonge ukuta kwa vidole vyake. La sivyo atamwambia yule mtu wa saruji ndiyo, na mimi nitazeeka nikilala kwenye sebule ya mume wa binti yangu.

Siku ya kusimamisha miguu ya sakafu, ile ya pembeni iliingia kwenye udongo mgumu, vizuri kabisa. Ilipofika ya katikati, mtaimbo ukazama kama kijiko ndani ya ugali wa fufu. Mjukuu akauvuta, akauchoma tena hatua moja pembeni. Ukazama tena. Ulipotoka ulikuwa na udongo mweusi, na harufu. Akachimba kidogo kwa mkono akatoa kipande cha kikombe cha bati.

"Koko, hapa palikuwa na nini?"

"Majani. Nilipoolewa nilikuta majani tu."

"Hapana. Hapa kulikuwa shimo."

Alitaka kuhamisha kila kitu upande wa pili wa uwanja. Lakini wakwe walikuwa tayari mtoni, wanapanda kuja mjini, na kuanza upya maana yake wangekuta lundo la mbao na bibi mwenye matope. Akatembea huku na huku, mikono kichwani. Mwisho akaweka sakafu juu ya miguu ya pembeni peke yake, akafunga kamba mlangoni.

"Waangalie kwa inje tu. Watu wanne wanaweza kuingia, pole pole, na wasisimame katikati. Wakienda, nitaihamisha."

"Wanne," nikasema. "Unaujua huu ukoo kweli?"

Jumapili wakaja, na walikuwa wengi kuliko sufuria zangu. Semeki mbele, mtu mkubwa, kofia kichwani na fimbo ya mkubwa wa ukoo. Nyuma yake wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye ulimi wake unafika nyumbani kabla yake. Halafu wapwa, na wake za wapwa, na wazee wawili ambao mpaka leo sijui ni wa nani. Niliwakaribisha chini ya turubai tulilolifunga karibu na nyumba mpya. Nilipika lituma ya ndizi za kupondwa, samaki na pondu. Walikula bila kusema neno la kiwanja, kama inavyotakiwa, na mimi nilikuwa nahudumia.

Semeki akanawa mikono. Akaitazama nyumba kwa jicho moja.

"Bon. Na hii kitu?"

Mjukuu akasimama, akaeleza. Nyumba nne namna hii kwenye kiwanja kimoja, kila tawi la ukoo na yake, uwanja wa katikati unabaki kwa wote, kwa sherehe na kwa matanga. Hakuna wa kufukuzwa, hakuna wa kuuza.

"Weye, muke ya kaka yangu," semeki akamwambia, "unataka kutia ukoo yetu mu kiosque?"

"Tumbo yako peke yake," wifi akadakia, "itaomba kiosque mbili."

Wapwa wakacheka. Semeki hakucheka. Akainua fimbo ili aanze maneno ya kuuza. Niliona mdomo wake ukijiandaa. Na hapo ndipo upepo ulipotoka upande wa mto, mweusi, na kabla hajasema neno la kwanza turubai likaruka na vigingi vyake.

Nilikimbia jikoni kuokoa sufuria. Matone yalikuwa makubwa kama mbegu za tunda la safou. Nilipogeuka, uwanja ulikuwa mtupu. Nikasikia vicheko. Kamba ya mlangoni ilikuwa chini, kwenye matope. Ukoo wote ulikuwa ndani ya nyumba mpya.

"Semeki!" sauti ya mdogo wa marehemu ikatoka dirishani. "Si ulisema ni nyumba? Tumeingia!"

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye mvua, mikono imening'inia. Akaja mpaka kwangu, akaniongelea sikioni.

"Ni wengi sana. Sakafu haina kitu katikati."

"Waambie."

"Nikiwaambia, watasema nyumba ni mbaya. Parcelle imeisha, koko. Yako imeisha."

"Na usipowaambia?"

Aliangalia miguu yake. "Labda itashika," akasema. Kisha akarudia, "Labda," na hilo la pili sikulisikia vizuri.

Watu wa kwetu wanajua jambo nililokuwa nalo mbele yangu. Mkwe haambiwi toka. Mkwe unamwachia kiti chako, unamwachia kitanda chako, akilala mlangoni pako unapitia dirishani. Kumwambia toka, tena kwenye mvua, tena amekwisha kula chakula chako, ni kumwambia kwamba yeye ni mbwa. Na mjane kuwaambia hivyo watu wa mume wake, siku ile ile waliyokuja kuamua atakaa wapi? Hata kichaa angenyamaza. Kungoja mvua ipite ilikuwa rahisi. Mvua zetu kubwa hazikai.

Nikasogea mpaka kwenye nyumba. Nikainama. Nilitaka kuona tu.

Maji ya uwanja yalikuwa yanaingia chini ya sakafu upande mmoja, mengi, yanakimbia. Nikatazama upande wa pili yanapotokea. Hayakutokea. Yalikuwa yanaingia chini ya wale watu na kupotea.

"Tokeni!" nikasema.

Vicheko vikaendelea. Hawakuamini ni wao.

"Tokeni wote! Sasa hivi!"

Kichwa cha wifi yangu kikaonekana mlangoni, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna kitu kilichotoka humo. Halafu sauti ya semeki, taratibu:

"Unasema na nani?"

"Nasema na weye. Toka mu nyumba."

Mjukuu wangu akaja kando yangu, akapaza sauti kuliko mimi, akimwita semeki baba. "Papa, ni mimi nilijenga! Sakafu haina miguu katikati, na chini kuko shimo. Mutoke pembeni pembeni, mumoja mumoja. Musikimbie. Tafazali, papa."

Wakatoka. Wifi wa kwanza, amejifunika kitenge kichwani, ananung'unika sasa kwa nguvu zote alizopoteza. Wapwa, wake zao, wale wazee wawili wameshikana mikono. Kila aliyeshuka alinitazama usoni na mimi sikuinamisha macho. Ningeinamisha, nisingeyainua tena.

Semeki alibaki. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha mbao, katikati kabisa, fimbo kati ya magoti.

"Mimi sitoke. Nifukuze mara ingine, nisikie muzuri."

Mbao moja ikalia chini yake. Aliisikia, nilimwona akiisikia, lakini mtu mzima akishasema hatoki mbele ya wapwa zake, mguu wake unakuwa mzito kuliko mwili.

"Toka, semeki," nikasema. "Nimekufukuza. Wote wamesikia. Toka."

Akasimama. Alitembea polepole kwa hasira, kila hatua anaikanyaga, na mimi kila hatua nilikuwa naimeza. Alishuka. Alisimama kwenye mvua mbele yangu, maji yanatiririka kwenye kofia.

"Mbuzi," akasema. "Faini ya mbuzi. Na kabla sijaona hiyo mbuzi, hakuna maneno ingine itafunguliwa hapa. Hakuna!"

"Utaiona."

Nyumba ikashusha kiuno nyuma yake. Sina namna nyingine ya kusema. Haikuanguka, ilikaa chini kama mwanamke aliyechoka. Kuta zilishikana, vigingi havikuachia, lakini sakafu ilifunguka katikati, na kiti changu tukakiona kupitia mlangoni kikiteleza taratibu, kikainama, kikaingia miguu kwanza. Halafu harufu ikatufikia sote.

Wifi yangu akasogea, akainama, akanusa kama anaonja mchuzi.

"Kaka," akasema. "Ile mwaka mulifika mujini, weye na marehemu. Choo yenu ya kwanza mulichimba wapi?"

"Karibu na mupapai."

"Na mupapai ilikuwa wapi?"

Semeki akageuka. Akatafuta kwa macho, ukuta wa jirani, barabara, nyumba yangu ya udongo. Fimbo yake ikainuka yenyewe, ikaonyesha pale kiti kilipoingia.

"Mama yangu!" wifi akapiga makofi. "Mukubwa wa ukoo angezikwa mu mavi yake mwenyewe! Na kofia!"

Wapwa walijigeuza ukutani, mabega yanatikisika. Semeki hakucheka. Alikuwa anamtazama mjukuu wangu.

"Ulijua?"

"Nilijua udongo ni laini. Sikujua ni yako, papa."

"Na ulinyamaza mpaka tulikula."

"Nilifunga kamba. Mulitoa kamba."

Faini hakuiondoa. Walilala kwenye nyumba yangu ya udongo, wamebanana kama samaki wa kukaushwa, na asubuhi hakuna aliyenisalimia isipokuwa wifi, ambaye alitaka chai.

Mjukuu wangu hakulia. Alichukua nyundo ya mbao akaanza kugonga vigingi. Kila kigingi kilitoka, kila ukuta ukalala. Wapwa walisimama kuangalia, halafu mmoja akashika, halafu wote. Lile shimo wakalijaza mawe na matofali yaliyovunjika. Nyumba ikavuka uwanja kipande kwa kipande mpaka kando ya mti wa avoka, ambako mtaimbo ulikataa kuingia mpaka ukatoa cheche. Huko ikapata miguu yake yote.

Semeki alikuwa ameketi kwenye kizingiti changu. Kufika adhuhuri akaanza kugomba: "Apana, ile kigingi si ya hapo!" Baadaye kidogo nikamwona amebeba ukuta na mpwa wake, kofia imegeuka upande. Jua lilipoinama, nyumba ilikuwa imesimama. Aliizunguka. Aliingia, akasimama katikati, akaruka kwa miguu yote miwili. Mimi nilishika kifua. Sakafu haikusema kitu.

"Donc," akamwambia mjukuu, "hii inaweza kufunguliwa, ipande toleka mpaka ku beach ya mitumbwi, iingie mu baleinière, ifike Isangi?"

"Kipande kwa kipande, papa."

"Hmm."

Hiyo "hmm" ndiyo yote niliyoipata. Mbuzi alikuja siku iliyofuata, niliuza kuku wangu wote kumpata, wale wale aliosema kiwanja kinawalisha. Walimla mpaka mifupa. Nikakaa nikingoja afungue maneno, maana sasa faini imelipwa na njia iko wazi, na ningeweza kuyavuta mdomoni mwake kwa vidole. Akajifuta mikono.

"Mambo ya parcelle tutasema siku ingine. Hii mbuzi imenichokesha."

Hakusema hatutauza. Hakusema tutauza. Wakapanda mtumbwi wao.

Mwanzoni mwa masomo binti wa mwisho wa semeki alifika na godoro limefungwa nyuma ya toleka. Akanipigia magoti. "Mama mukubwa, papa anasema nikalale mu ile ya karibu na avoka." Sikumwuliza zaidi. Nilimwonyesha kitanda kinavyoshuka kutoka ukutani, na kwamba maji ya pipa si ya kuoshea viatu.

Siku moja yule mfanyabiashara wa Makiso akaja mwenyewe kwa pikipiki. Mjukuu wangu alikuwa anapima nyumba ya pili, kamba zimetandazwa uani. Mtu yule akasimama kwenye lango, akatazama kamba, akatazama nguo za msichana zinazokauka.

"Hapa kunauzwa, si ndiyo?"

Mimi nilikuwa na mikono ndani ya unga, na jibu langu lilikuwa tayari, lakini yule binti wa semeki alitoka mlangoni na daftari zake kifuani kabla sijafungua mdomo.

"Unatafuta papa yangu," akamwambia. "Hayuko. Ni miye ninaishi hapa."

Mtu yule aliwasha pikipiki akaenda. Nyumba ya pili sasa ina kuta, ya tatu ina miguu tu. Semeki bado hajasema lile neno, na sitamwomba. Lakini pikipiki ikipunguza mwendo barabarani kwetu, mpaka leo, naacha kukanda nasikiliza mpaka ipite.